Mdogo wangu ana skizofrenia: ni jeni, ni kemikali, au ni bangi ya Arusha?

*"Shikamoo daktari. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, kwetu ni Marangu ila naishi Moshi mjini. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 22, alikuwa anasoma chuo Arusha. Mwaka jana alianza kujifungia chumbani, akaacha kuoga, akawa anasema wenzake wa hosteli wanamsoma mawazo kupitia simu. Hospitali walituambia ni skizofrenia, wakampa vidonge vya haloperidoli. Siku ya tatu shingo ikapinda na ulimi ukawa mzito. Tulimrudisha wakampiga sindano, ikaachia. Alimeza kwa kusuasua kama miezi miwili, akatulia kabisa, kisha akaziacha. Sasa sauti zimerudi. Baba mdogo anasema ni bangi ya Arusha. Shangazi anasema ni mkosi wa ukoo, kwa sababu dada yao mmoja alikuwa hivi hivi mpaka anafariki. Mimi nimesoma kwenye simu kwamba ni jeni, na sehemu nyingine wanasema kuna kemikali imezidi kwenye ubongo. Kama ni jeni, dawa zitasaidia nini, maana jeni hazibadiliki? Pia natarajia kuolewa Desemba, na upande wa mchumba wameanza kuulizia ukoo wetu. Je, kuna kipimo cha DNA cha kujua kama mimi au watoto wangu watapata?"*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na umpe pole mama yenu. Najua nyumba inavyokuwa usiku pale kijana anapojibizana na ukuta na hakuna anayethubutu kulala kabla yake.

Umeuliza mengi kwa pumzi moja, lakini naanza na lile ulilolipitisha katikati kama jambo dogo: kama ni jeni, dawa zitasaidia nini? Hilo ndilo lililobeba mengine yote. Nimeona ndugu wenye nia njema kabisa wakiacha kumhimiza mgonjwa ameze dawa kwa sababu walisikia neno "jeni" wakalipokea kama hukumu ya mahakama.

Wewe ni wa Marangu, kwa hiyo sina haja ya kukueleza mfongo ni nini. Maji yanatoka juu msituni, yanashika mfereji, yanateremka kihamba kwa kihamba, yaani kutoka shamba la nyumba moja hadi la nyingine, na kila mahali kuna banio linalofunguliwa na kufungwa kwa zamu. Sasa mchukue mtu wa chini kabisa ambaye maharage yake yamefurika. Hapandi msituni kugombana na chemchemi. Anakata shina la mgomba, analilaza mdomoni mwa mfereji wake, anashindilia udongo kwa mguu, na maji yanapungua. Chemchemi iko vile vile. Na akiliondoa shina lile wiki ijayo kwa sababu ameona shamba limekauka vizuri, maharage yataogelea tena.

Jeni ziko kule juu. Dopamini, ile kemikali uliyosoma kwamba imezidi, iko huku chini kwenye kihamba cha mwisho. Haloperidoli ni shina la mgomba. Inafanya kazi bila kuigusa chemchemi, ndiyo maana mdogo wako alitulia ingawa jeni zake ni zile zile alizozaliwa nazo. Na ndiyo maana sauti zimerudi baada ya kuiacha. Hakupona halafu akaugua upya, banio liliondolewa.

Halafu hilo la kwamba jeni hazibadiliki ni kweli nusu. Seli ya ini la mdogo wako na seli ya ubongo wake zina DNA ile ile, na jeni zile zile zinazokaribia 20,000. Ini halifikiri na ubongo hausagi mafuta kwa sababu kila seli inasoma jeni zake chache na kuziacha nyingine zimefungwa. Jeni isiyosomwa ni kama mfereji mkavu: upo, umechimbwa, lakini haunyweshi mgomba hata mmoja. Na usomaji huo una kiasi pia. Jeni moja inaweza kusomwa kidogo utotoni, ikasomwa sana ukiwa na miaka 18, ikatulia uzeeni. Njaa, maambukizi, mawazo mazito ya muda mrefu na hata dawa za kulevya hugusa mabanio hayo.

Mfano ninaoupenda unatoka Uholanzi. Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, jeshi la Ujerumani lilizuia chakula kufika magharibi mwa nchi hiyo, watu wakafikia kula vitunguu vya maua ya tulipu. Watoto waliotungwa mimba kwenye njaa ile walipokua, skizofrenia iliwapata karibu mara mbili ya wenzao. Kisha mwaka 2008 watafiti walipima damu ya watu waliotungwa mimba kipindi kile, ambao sasa walikuwa na umri wa miaka 60 hivi. Walikuta alama ndogo za kikemikali zinazobandikwa juu ya DNA zimepungua kwenye jeni moja inayohusika na ukuaji, ukiwalinganisha na ndugu zao wa tumbo moja ambao hawakutungwa mimba wakati wa njaa. Herufi za DNA zilikuwa sawa. Kilichotofautiana ni alama za usomaji. Sisemi alama zile ndizo zilizoleta ugonjwa, maana ilikuwa damu, si ubongo. Ninachosema ni kwamba njaa ya mama inaweza kuacha mkono wake kwenye banio la mtoto kwa miaka 60.

Sasa jeni zenyewe. Shangazi yako akisikia "jeni" huenda anafikiria kitu kimoja kibovu kinachorithiwa kama pua ya babu. Hakuna jeni ya kichaa. Mwaka 2022 watafiti wa nchi nyingi walitoa matokeo ya kulinganisha vinasaba vya watu 76,755 wenye skizofrenia na watu 243,649 wasiokuwa nayo. Walikuta sehemu 287 za DNA zinazohusika, na karibu kila moja inaongeza hatari kwa kiasi kidogo mno, kama tone. Mimi ninazo baadhi, wewe unazo, hata huyo mchumba wako na wazee wake wanaoulizia ukoo wanazo. Mwaka huohuo zikatajwa jeni 10 ambazo zikiharibika vibaya huongeza hatari sana, lakini uharibifu huo ni adimu. Huku Afrika, utafiti uliofanywa kwa Waxhosa wa Afrika Kusini na kutolewa mwaka 2020 ulielekea njia hiyohiyo: kwa wagonjwa, mabadiliko mabaya na adimu yalikuwa mengi zaidi, hasa kwenye jeni zinazojenga sinapsi, yaani pale seli moja ya neva inapokutana na nyingine na kupitisha ujumbe.

Kwa hiyo jibu la kipimo cha DNA ni fupi. Hakipo. Zipo hesabu za kujumlisha yale matone na kupata alama, lakini hazimtabirii mtu mmoja mmoja, na kwa kuwa zimejengwa zaidi kwa vinasaba vya Wazungu na watu wa Asia Mashariki, kwetu zinafanya vibaya zaidi. Mtu akikuuzia kipimo hicho, amekuuzia karatasi. Kuna hali moja adimu inayopimika, ya kukosa kipande cha kromosomu ya 22 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba DNA), ambapo karibu mmoja kati ya wanne hupata ugonjwa wa namna hii. Lakini hao mara nyingi huwa na dalili tangu utoto, kama tatizo la moyo au la kaakaa, na katika barua yako sioni kitu kama hicho.

Niseme jambo moja ambalo watu huniuliza wakiwa wamekaa mlangoni tayari kuondoka: mbona alikuwa mzima, amefaulu kidato cha sita, halafu akaharibika akiwa na miaka 21? Hapa naomba turudi kihambani, kwenye kahawa. Mti wa kahawa usiopogolewa unajaa machipukizi, majani mengi, buni kidogo. Ukipogolewa vizuri unazaa. Ubongo wa binadamu nao huota sinapsi nyingi kuliko unazohitaji, kisha kuanzia ujana mpaka miaka ya ishirini na kitu huzipunguza, hasa sehemu ya mbele ya kichwa inayohusika na kupanga, kukumbuka na kujizuia. Ni kazi ya kawaida, kila mtu hupitia. Sasa mpe mkasi kijana mwenye haraka asiyejua tawi lipi linazaa.

Mwaka 2016 watafiti wa Harvard na wenzao walionyesha sehemu ya jambo hili. Kuna jeni inaitwa C4, iko kwenye kromosomu ya 6, na kazi yake inayojulikana zamani ni ya kinga: inabandika alama kwenye vijidudu ili seli walinzi zivile. Ikagundulika kwamba kwenye ubongo wa panya hiyohiyo C4 husaidia kuondoa sinapsi. Na kwa binadamu, wale wenye aina ya C4 inayosomwa kwa wingi ubongoni walikuwa na hatari kubwa zaidi ya skizofrenia. Ona kwamba jeni haikuharibika. Inasomwa kwa sauti ya juu mno, na mkasi unakata kupita kiasi. C4 ni sehemu moja tu kati ya zile nyingi, usimkabidhi mzigo wote, lakini inatuonyesha kwa nini ugonjwa unaoanzia kwenye vinasaba unasubiri mpaka mtoto amekuwa kijana wa chuo.

Twende kwenye dopamini, na hapa nina la kuungama. Nilipokuwa daktari mchanga nilimwambia mama mmoja, kwa kujiamini sana, kwamba mwanaye "ana dopamini nyingi kichwani". Mama yule alikuwa muuza ndizi sokoni. Akaniangalia, akasema, "Basi mpime daktari, kama mnavyopima sukari, tujue imezidi ngapi." Sikuwa na jibu. Hakuna kipimo cha damu cha dopamini kitakachokuonyesha skizofrenia, na wala haijazidi kichwa kizima. Kwa wagonjwa wengi inatengenezwa na kumwagwa kwa wingi, na kwa wakati usiofaa, kwenye eneo moja la ndani ya ubongo. Huku mbele, penye ile kazi ya kupanga na kujituma, kuna dalili kwamba ni pungufu. Mfereji mmoja, mahali pamoja mafuriko, mahali pengine ukame.

Tulijuaje? Kwa kurudi nyuma kutoka kwenye dawa. Mwaka 1952 madaktari Delay na Deniker wa Paris walianza kuwapa wagonjwa wa akili klopromazini, dawa iliyokuwa imeanza kutumika kutuliza watu wa upasuaji. Wagonjwa waliokuwa wamefungwa miaka walianza kuzungumza. Hakuna aliyejua kwa nini. Ilipofika 1963, Arvid Carlsson wa Sweden akaonyesha kwamba dawa hizi zinagusa mfumo wa dopamini, na katika miaka ya 1970 ikathibitika kwamba kadiri dawa inavyoshika vizuri kipokezi kimoja cha dopamini, yaani mahali kwenye seli panapoipokea kemikali hiyo, ndivyo dozi yake inavyohitajika kuwa ndogo. Carlsson alipata Nobel mwaka 2000 kwa kazi yake ya dopamini. Tiba ilitangulia, maelezo yakafuata, na mpaka leo maelezo bado yanakimbizana nayo.

Dopamini inafanya nini hasa? Watu husema ni kemikali ya raha. Kwa ugonjwa huu ni afadhali uifikirie kama mhuri wa "hili linakuhusu". Umesimama stendi Moshi, konda anapiga kelele "Majengo, Majengo!", redio inatangaza matokeo ya mpira, mtu anapita akiongea na simu. Ubongo wako unaviacha vyote vipite kwa sababu haukuvigonga mhuri. Kwa mdogo wako mhuri unajigonga wenyewe. Konda kaita "Majengo" akimtazama yeye. Yule mwenye simu kacheka punde tu yeye alipofikiria jambo. Mara ya kwanza atapuuza, mara ya hamsini hawezi, na binadamu asiyeelewa lazima atafute maelezo. Maelezo aliyoyapata ni kwamba wenzake wanamsoma kupitia simu. Kijana wa 1960 huko Marangu angesema jirani amemtupia kitu. Mhuri ni uleule, maelezo yanatoka kwenye mazingira. Kwa hiyo usibishane naye kuhusu simu. Mwambie, "Naona linakutisha, niko hapa." Utakuwa hujamdanganya na hujampinga.

Zaidi ya dopamini kuna glutameti, kemikali ambayo seli nyingi za ubongo hutumia kuzungumza. Ketamini, ile dawa ya usingizi inayotumika sana kwenye vyumba vyetu vya upasuaji, huziba aina moja ya vipokezi vya glutameti, na wapo wagonjwa wanaoamka kutoka kwenye ketamini wakiona mambo ya ajabu kwa muda mfupi. Mojawapo ya zile jeni 10 nilizokutajia, GRIN2A, ndiyo inayotoa maelekezo ya kujenga kipande cha kipokezi hichohicho. Ukiunganisha, unapata mteremko wa mfongo: jeni zinasomwa vingine, sinapsi na mazungumzo ya glutameti yanalegea, na huko chini dopamini inafurika. Wataalamu wengi leo wanauona hivyo. "Ni jeni au ni kemikali?" ni sawa na kuuliza maji ni ya msituni au ya kihambani.

Sasa ile shingo. Dopamini hiyohiyo ina mfereji mwingine unaoongoza mwendo wa misuli. Haloperidoli haichagui, inaziba kote. Kijana wa kiume akianzishiwa dawa hii, siku chache za mwanzo ndizo hasa misuli ya shingo, macho au ulimi hukaza. Inatisha, naelewa, lakini si sumu, si mkosi, na si ushahidi kwamba dawa imemkataa. Mliporudi akapigwa sindano ikaachia, hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kosa, kama lipo, ni kwamba inaelekea hakuna aliyewaambia mapema, na pengine alirudi nyumbani na dozi ileile.

Ana njia kadhaa, na kila moja ina bei yake. Dozi inaweza kushushwa, au akaongezewa kidonge cha kulegeza misuli ambacho wengi wanakijua kama Artane. Anaweza kubadilishiwa olanzapini, ambayo haikakamazi sana, lakini huleta njaa kali, unene na kupanda kwa sukari, kwa hiyo apimwe uzito na sukari tangu siku ya kwanza. Risperidoni ni ya katikati, ila inaweza kupandisha homoni ya maziwa; kwa mwanamke siku zake huvurugika, kwa mwanaume matiti huvimba au hamu ya tendo la ndoa hupotea. Vijana wa kiume huacha dawa kwa sababu hiyo ya mwisho na hawasemi. Aulizwe na daktari, faragha, dada akiwa nje. Kwa anayesahau au anayechoka vidonge kuna sindano ya kila mwezi hivi, kama Modecate, ingawa nayo ni ya kundi linalokakamaza. Zikishindikana dawa mbili zilizomezwa vizuri, kwa dozi na muda wa kutosha, ipo klozapini, ambayo kwa wagonjwa sugu inazishinda nyingine, lakini inaweza kuangusha seli nyeupe za damu na inadai vipimo vya damu vya mara kwa mara. Huenda umesoma pia kuhusu dawa mpya iliyoidhinishwa Marekani Septemba 2024, ya kwanza kwa ugonjwa huu isiyoziba vipokezi vya dopamini. Ni habari njema, ila tusimcheleweshe mdogo wako kwa kuisubiri.

Kuhusu kuacha dawa, takwimu hazina huruma. Mwaka 2012 ulitolewa uchambuzi wa majaribio 65: ndani ya mwaka mmoja, waliopewa dawa za bandia ugonjwa uliwarudia 64 kati ya 100, walioendelea na dawa halisi 27 kati ya 100. Unaona kwamba dawa haizuii kwa wote, na unaona pia kwamba wapo walioacha wakabaki salama. Hatuna namna ya kujua mapema nani ni nani. Baada ya shambulio la kwanza mimi huomba walau mwaka mmoja hadi miwili ya utulivu kabla hatujazungumza habari ya kupunguza, na hata hapo pole pole.

Dawa ina mpaka wake pia. Inapunguza sauti na hofu. Kule kujifungia, kutooga, kukaa saa tatu akitazama sakafu, hakuguswi sana na dawa, kwa sababu huko ni upande wa ukame. Familia nyingi huona sauti zimeisha, wakadhani amepona, wakaanza kumwita mvivu. Si uvivu. Mpeni kazi ndogo zenye saa yake: kuchota maji asubuhi, kulisha ng'ombe, kwenda dukani na kurudi. Maneno makali nyumbani na kusemwa kila saa huongeza uwezekano wa ugonjwa kurudi. Hilo limepimwa katika nchi nyingi.

Baba mdogo hajakosea kabisa. Bangi, hasa ikianzwa mapema na kuvutwa kila siku, huongeza hatari kwa mtu mwenye vinasaba vinavyoelekea huko, na mirungi nayo husukuma dopamini itoke. Lakini hosteli nzima ilivuta, aliyeugua ni mmoja. Na mara nyingine kijana huanza kuvuta kwa sababu sauti zimeshaanza na anatafuta usingizi. Aache bangi, aache mirungi, lakini msiifanye kesi. Na Desemba ndugu watakapopanda kutoka Dar na kwingineko, pombe ya mbege imejaa na watu hawalali, mkumbukeni. Januari kliniki yangu hujaa watu waliokosa dawa na usingizi kwa wiki mbili za sikukuu.

Shangazi naye ameona kitu cha kweli akakipa jina lake. Ugonjwa unatembea kwenye damu, ameuona kwa dada yake, sasa anauona kwa mtoto wa kaka yake. Usimkejeli. Akitaka kumwombea, aombe, mradi mgonjwa asifungwe kamba, asilazimishwe kufunga kula, na asiambiwe aache dawa ili imani ifanye kazi.

Wewe sasa. Kwa watu wote, ugonjwa huu humpata karibu mmoja kati ya 100 maishani. Ndugu wa tumbo moja na mgonjwa, kama 9 kati ya 100. Watoto wako, ambao kwao mdogo wako ni mjomba, kama 4 kati ya 100, maana yake 96 hawatapata. Hata pacha wa kufanana, mwenye DNA ileile, mwenzake akiugua yeye hubaki salama karibu nusu ya safari au zaidi. Unachoweza kufanya ni cha kawaida: kula vizuri ukiwa mjamzito, hudhuria kliniki, jifungulie hospitali, na watoto wakifika umri wa bangi uwe mkali kuliko akina mama wengine. Mchumba mwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa mshenga, na umpe namba hizo. Nisingeshauri kuficha.

Wiki hii mrudisheni kliniki ya afya ya akili. Kwa Moshi, hospitali ya rufaa ya mkoa ya Mawenzi au KCMC. Akiwa Arusha, Mount Meru. Bebeni pakiti za dawa alizomeza na mweleze ile shingo mapema, iandikwe kwenye faili kwa herufi kubwa. Ulizeni kama alipimwa kaswende, VVU na tezi la shingo, na kama amewahi kuanguka kifafa au anatoka sehemu wanakofuga nguruwe kwa kuwaachia, kwa sababu tegu wa nguruwe akiingia ubongoni anaweza kufanana na hali hii. Pesa zikiwa shida, anzieni dirisha la ustawi wa jamii hapohapo hospitalini.

Msisubiri kliniki, nendeni mapokezi ya dharura usiku huohuo, kama anasema afadhali afe au sauti zinamwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, kama hali wala hanywi, au kama akiwa kwenye dawa amepata homa kali pamoja na mwili kukakamaa kama ubao. Hiyo ya mwisho ni adimu, lakini inaua.

Na jambo moja najua mmeshalifikiria, kwa sababu kila familia hulifikiria: kumsagia kidonge kwenye uji bila yeye kujua. Msifanye hivyo. Kijana ambaye tayari anaamini kuna mtu anamfuatilia, akikuta chenga nyeupe chini ya kikombe, atakuwa amepata ushahidi wake, na aliyemletea kikombe ni mama. Afadhali akatae mbele yenu leo, mumwombe tena kesho.